Magauni ya waridi na heroe wa Balangida

Mnaotufuata mnajua kwamba sisi wawili, mtu na wifi yake, tumezaliwa Unguja lakini vyerehani vyetu viko Gehandu, huku Manyara, kwa sababu ya ndoa na riziki. Leo tunaweka mishono pembeni. Tunazungumzia picha za wanyama, maana jambo hili limetugusa mfukoni.

Wengi wenu mliziona zile video za Julai 2025 kutoka Mto Mara, kaskazini ya Serengeti. Nyumbu wanataka kuvuka, na ukingoni magari yamejazana, watu wameshuka na simu zao, wamesimama pale pale wanyama wanapotaka kupita. Mitandaoni watalii walisemwa sana. Na sisi tuliwasema, kisha tukaulizana: kwetu visiwani haya hatuyaoni?

Kizimkazi tunaijua. Pomboo akitokeza mgongo tu, boti zinamzunguka na watu wanarukia maji na kamera mkononi. Akizama na kuibukia mbali, boti zinamfuata tena. Watafiti waliowafuatilia pomboo wale walieleza kwamba boti zikiwakaribia, muda wa kupumzika hupungua na wa kusafiri huongezeka. Na kiti cha pweza je? Anatolewa majini, anawekwa kiganjani au begani, anapigwa picha mpaka ipatikane nzuri. Kiumbe yule anapumua kwa maji! Picha inapata mioyo elfu moja, na hakuna anayeuliza kama alirudishwa akiwa hai.

Sasa tuje huku bara. Chini ya Mlima Hanang kuna Ziwa Balangida, lenye maji ya magadi, na msimu ukikubali heroe hutua pale, ndege wale wa waridi ambao wengi huwaita flamingo. Kwa mbali utadhani mtu ameanika kanga. Heroe mdogo hula vijimea ambavyo sisi hatuvioni kwa macho. Anainamisha kichwa mpaka mdomo unageuka juu chini, anachuja maji, na kazi hiyo inamchukua saa nyingi za siku. Akitaka kuruka lazima akimbie kwanza juu ya maji ndipo apae. Kwa hiyo ukimshtua umemkatiza chakula, na umemtumilisha nguvu aliyoipata kwa chakula hicho hicho.

Mpiga picha mmoja kutoka mjini alituagizia magauni kumi na mawili ya shifoni, waridi na meupe, yenye mikia mirefu, kwa picha za bibi harusi na wapambe wake ziwani. Alitupa kianzio. Vitambaa vilivyobaki tulivichukua kwa mkopo dukani, kama wafanyabiashara wengi wanavyofanya. Siku ya picha tukaenda wenyewe, maana mkia wa shifoni ukishonwa haraka unahitaji mtu wa kuuangalia.

Tulipofika tukakuta amekuja na vijana wawili, mmoja na debe, mwingine na mawe. Kazi yao ilikuwa kuwarusha ndege nyuma ya maharusi. Wakafanya jaribio wakati wasichana bado wanavaa. Tusidanganyane, wingu lile la waridi lilipopaa lilikuwa zuri, mashallah, hata sisi tulinyamaza. Ndege wakatua mbele zaidi, vijana wakawafuata, wakawarusha tena. Tukamwomba mpiga picha asubiri tu, ndege wataruka wenyewe. Akasema ndege waliotulia hawamletei wafuasi.

Pembeni alikuwepo mzee mfugaji na ng'ombe wake. Ng'ombe walipita karibu na heroe kuliko sisi, na heroe wakaendelea kula. Mzee akasema ndege hawa wanamjua anayepita na anayewatafuta.

Wifi, ambaye ulimi wake mnaujua, akasema magauni hayavaliwi. Tukayakunja, tukayarudisha mfukoni. Kianzio tukakirudisha chote, na deni la vitambaa likabaki kwetu. Waume zetu walituuliza kama tumerogwa.

Mtu atasema: ndege si wametua tena, dhara iko wapi? Kwa siku moja huenda si kubwa. Lakini picha haikai siku moja. Ikipendwa, wiki ijayo atakuja mwingine anayetaka kama ile ile, na debe lake, na akitaja mahali kamili watakuja kumi. Zamani picha ya harusi ilikaa kwenye albamu kabatini na hakuna aliyeiiga ila jirani.

Waliosoma chuoni wanakumbuka kisa cha ndege aliyechukuliwa makinda yake safarini, akawa anapigapiga mbawa kwa fadhaa, na Mtume (S.A.W.) akaamuru yarudishwe. Mama yule hakujeruhiwa. Alitiwa huzuni tu, na hilo lilitosha.

Sisi bado tunapiga picha, biashara ya nguo bila picha siku hizi haiendi. Tunasimama mbali, na ndege wakianza kuinua vichwa pamoja tunajua tumeshakaribia mno, tunarudi nyuma. Hatuandiki ni ufukwe upi. Ndege wanatoka wadogo kama punje za mtama, na mpwa wetu anayeshughulikia ukurasa analalamika kila mara.

Kati ya yale kumi na mawili, manane tumeshayauza mojamoja, mengine kwa bei ya hasara, na dukani bado tunalipa kidogo kidogo. Yamebaki manne, yote ya waridi, mawili ya mwili mkubwa na mawili ya wastani, mikia tumeipunguza ili yavalike hata kwenye maulidi. Anayetaka atuandikie, boti ya Ijumaa itakuwa na mtu wetu.