Maneno Mengi ya Mama

Mwanasaikolojia aliweka kalamu mezani, akanitazama. "Mama amesema maneno mengi," aliniambia kwa Kifaransa. "Wewe umeniletea machache. Mengine yamebaki wapi?"

Nilikuwa mwaka wa tatu katika kitivo chetu. Mtihani wa tafsiri nilikuwa nimeupita, tena kwa alama nzuri. Lakini siku ile, ndani ya chumba kidogo cha hospitali hapa Lubumbashi, nilikuwa mkalimani wa mama yangu mzazi, na nilikuwa ninaficha maneno.

Tulikuwa tumempeleka mdogo wangu kupimwa. Alikuwa na miaka sita. Alichelewa kusema, na alipoanza kusema alisema kwa namna yake. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Bibi alisema baba naye alichelewa. Mwalimu wa shule ya watoto alisema tumemchanganyia lugha: Kiswahili cha mama, Kiluba cha bibi, Kifaransa cha darasani. Baba alimsikiliza mwalimu. Akaamuru kwamba mtoto asemeshwe Kifaransa tu. Bibi, asiyejua Kifaransa, akaacha kumwimbia. Kwa mwaka mzima alimwogesha na kumlisha bukari akiwa kimya, kama anayehudumia mgeni.

Kwenye avenue yetu kulikuwa na sababu nyingine, iliyosemwa kwa sauti ya chini. Mtoto anacheka peke yake usiku. Anacheka na nani? Ninyi mnaosoma mnaishi katika mji huu, mnajua swali hilo linaelekea wapi. Katika nchi yetu mtoto akishaitwa mchawi anaweza kufukuzwa nyumbani kwao.

Ndiyo maana nilificha. Mwanasaikolojia hakuwa mtu wa Katanga. Alijua Kifaransa na Lingala, Kiswahili chake kilikuwa cha salamu. Alimwuliza mama usiku unapitaje. Mama akaeleza yote: anaamka saa nane, anakaa kitandani, anacheka, anapanga vifuniko vya chupa kwa mstari, ukikigusa kimoja analia mpaka kunakucha. Mimi nikasema kwa Kifaransa: "Halali vizuri." Niliogopa kwamba kicheko kile kikiandikwa kwenye karatasi kitakuwa ushahidi.

Lakini mwanasaikolojia alikuwa akimtazama mama usoni na kwenye mikono, akaona habari imekuwa ndefu kuliko sentensi yangu. Nikarudia. Safari hii nilileta kila kitu, hata kicheko. Hakushtuka. Aliandika, akauliza vifuniko vinapangwa kwa rangi au kwa ukubwa. Mama akajibu mara moja: "Kwa rangi." Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo.

Tangu hapo nilijaribu kuwa mwaminifu, na uaminifu ukawa mgumu kuliko nilivyofikiri. Palikuwa na swali kuhusu michezo ya kujifanya. Nilitafsiri haraka: "Anachezaka kwa kudanganya?" Mama akakasirika: "Mutoto yangu haiko mwongo." Nikaona kosa langu. Nikauliza upya: watoto wa jirani wakipika, udongo ukiwa bukari na majani yakiwa sombe, yeye anakula pamoja nao? Mama akanyamaza kidogo. "Hapana. Anawaambiaka: huu ni udongo." Swali lilikuwa lile lile, ila sasa lilikuwa limepita katika ua wa nyumba yetu. Jibu la kwanza lingeandikwa, lingekuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Swali jingine: anawatazama watu machoni? Mama akajibu kwa fahari kwamba ana heshima, anainamisha macho mbele ya wakubwa. Nililifikisha jibu kama lilivyo. Lakini mimi si mkubwa wake wa kuogopwa, ni yaya wake tunayelala chumba kimoja, na mimi pia hanitazami. Je, mkalimani anaruhusiwa kusema hilo? Niliomba ruhusa kwa mama kwanza, kisha nikasema kwa jina langu, si kwa lake. Mama alikubali kwa kichwa. Nadhani alikuwa anajua siku nyingi.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji. Kabla ya siku ile walikuwa wamempima masikio, kuhakikisha anasikia. Baada ya hapo vilikuwa vikao vitatu: kumwangalia akicheza, kuuliza wazazi tangu kuzaliwa kwake ilikuwaje, kulinganisha na mwalimu anayoyaona. Yaani sehemu kubwa ya kazi ni kutazama na kusemezana. Maneno yakipotea njiani, kipimo kinampima mtoto mwingine.

Katika kikao cha pili mdogo wangu alimwendea mwanasaikolojia, akasema: "Unataka mayi?" Yule bwana akatabasamu, akajibu kwamba hana kiu, asante. Mtoto akarudia kwa nguvu, akaanza kulia. Nikaeleza: yeye ndiye mwenye kiu. Nyumbani sisi humwuliza "Unataka mayi?" kabla ya kumpa kikombe, basi kwake maneno hayo yote, pamoja na sauti yake ya kuuliza, ndiyo jina la kiu. Mimi niliyeandika kazi nzima juu ya viambishi vya nafsi sikuwahi kusimama kutazama kwamba mdogo wangu ana *u-* mahali pa *ni-*. Nyumbani tulikuwa tukimcheka tu.

Baadaye nilisoma kwamba Leo Kanner, daktari aliyeandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 huko Marekani, aliona jambo hilo hilo: watoto waliojiita "wewe" kwa sababu walihifadhi sentensi kama walivyoisikia. Katika Kiingereza ni neno zima linalogeuka. Katika Kiswahili ni irabu moja mwanzoni mwa kitenzi, na mgeni wa lugha anaweza kuipita bila kuisikia.

Siku ya majibu baba alikuja pia. Karatasi ilikuwa kwa Kifaransa. Mama akanigeukia: "Kwa Kiswahili ni nini?" Nikasema usonji, neno nililolikuta katika maandishi ya Tanzania. Mama hakuwa amelisikia kamwe, na kwake lilikuwa geni sawa na lile la Kifaransa. Nikaacha neno, nikaeleza: ubongo wake umejengwa tofauti tangu mwanzo, si malezi, si mtu aliyemfanyia, hautaondoka kama malaria, lakini atajifunza, na sisi tutajifunza. Mama akauliza mara mbili: "Si mtu?" Mwanasaikolojia akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha salamu: "Si mtu, mama."

Kisha baba akauliza habari ya lugha. Jibu lilikuwa wazi: lugha nyingi hazileti usonji, na kumnyima mtoto lugha ya wanaompenda hakumsaidii. Msemesheni mnayoijua vizuri. Baba alitazama sakafu muda mrefu. Sijui alikuwa anafikiria nini, lakini mimi nilikuwa nikifikiria mwaka mzima wa bibi kunyamaza.

Avenue haijabadilika sana. Wako walioelewa, wako wanaovuka upande mwingine wa barabara. Hakuna shule ya karibu iliyo tayari kumpokea kama alivyo, na vikao vya kumfundisha kusema vinagharimu zaidi ya mshahara wa baba unavyoweza. Karatasi haikutatua hayo. Lakini mama sasa anapoulizwa mtoto anacheka na nani, anajibu bila kushusha sauti.

Nawaandikia ninyi wa kitivo hiki kwa sababu huko hospitalini wakalimani ni watoto wa familia: dada, shangazi, jirani aliyemaliza shule. Wanatafsiri huku wakiona haya na woga. Sisi tunafundishwa kazi hiyo kwa miaka, kisha tunaitumia kwenye mikutano na mikataba. Maswali yale yanangoja mtu wa kuyapitisha katika Kiswahili cha Lubumbashi, taratibu, pamoja na akina mama wenyewe, hadi udongo uwe udongo na bukari iwe bukari.

Bibi ameanza tena kuimba Kiluba wakati wa kuoga. Jana jioni mdogo wangu alikuja mezani nilipokuwa ninasoma. "Unataka mayi?" alisema. Nikamimina. Nikakishika kikombe kidogo kabla ya kumpa, nikasema kwa niaba yake, kama tulivyoelekezwa: "Nataka mayi." Akanywa, akarudisha kikombe, akaenda kwenye vifuniko vyake.