Mgongo wa Bizimu

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii husemwa kwa kushutumu, kana kwamba mti una hatia kwa kuwa mti. Lakini mkakasi haukupata kusema kuwa ni dhahabu. Fundi aliyeupaka rangi alijua kuwa ni mti, na mnunuzi angalijua vilevile kama angaliufunua akatazama ndani. Kama lawama iko, ni ya jicho lililotosheka na upande mmoja.

Katika mapambo ya wanadamu ni machache yaliyodhulumiwa na jicho la namna hiyo kama bizimu la kuiga. Bizimu ni pambo la kifuani, lishikwalo juu ya nguo kwa pini. La kuiga ni lile lililofanywa kwa kioo badala ya almasi, na kwa shaba au bati badala ya dhahabu. Mabizimu hayo yalitengenezwa kwa wingi Ulaya na Marekani katika karne ya 19 na ya 20. Leo yamelala katika visanduku vya warithi, juu ya meza za minada na katika maduka ya vitu vya kale, yakingoja hukumu. Hukumu nyingi hutolewa kwa neno moja: bandia. Neno hilo lina ukweli, lakini ukweli wake ni mdogo mno. Husema kitu si nini. Halisemi ni nini, wala kilifanywa lini, wapi, na kwa ustadi gani.

Kuiga hakukuwa kazi ya wavivu. Georges Frédéric Strass, aliyezaliwa mwaka 1701, alikuwa sonara mjini Paris, akapata sifa kwa vito vyake vya kioo chenye risasi, vilivyochongwa na kung'arishwa mfano wa almasi. Mwaka 1734 alifanywa sonara wa mfalme wa Ufaransa. London alikuwako Christopher Pinchbeck, fundi wa saa aliyekufa mwaka 1732, ambaye alichanganya shaba na zinki akapata madini yaliyofanana na dhahabu. Majina ya watu hawa wawili yaliingia katika lugha, lakini hayakupata bahati moja. La Strass limekuwa jina la kito cha kioo katika lugha kadhaa za Ulaya. La Pinchbeck limekuwa kwa Waingereza neno la kitu cha uongo na kisicho na thamani. Fundi aliyegundua madini mapya ameachiwa urithi wa aibu, na kosa lake ni kuwa kazi yake ilifanana mno na kile ilichokiiga.

Mtu atakaye kumtendea haki fundi wa namna hii huanza kwa kuligeuza bizimu. Uso ulifanywa upendeze. Mgongo ulifanywa utumike, na kitu cha kutumika hakina sababu kubwa ya kujipamba. Mgongoni mna bawaba, pini, na kulabu ya kushika ncha ya pini. Katika karne ya 19 kulabu ya kawaida ilikuwa kipande kilichopindwa kama herufi C, kisicho na kufuli. Na mara nyingi pini ilikuwa ndefu, ncha yake ikapita ukingo wa bizimu. Katika nchi za Ulaya bara ilitumika pia kulabu ya mrija, ambayo huvutwa nje na kusukumwa ndani. Kulabu yenye kifuniko kidogo kinachozunguka na kuifungia pini ilienea katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Basi sehemu ambayo mvaaji hakumwonyesha mtu humpa mpimaji habari ambayo uso mzima wa vito hauwezi kumpa.

Baada ya kulabu huja chapa. Fedha iliyopimwa Uingereza hupigwa mihuri: simba atembeaye ni alama ya fedha halali, na nanga ni alama ya ofisi ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1773. Kati ya mwaka 1842 na 1883 michoro ya bidhaa iliyoandikishwa nchini humo ilipewa alama yenye pembe nne, mfano wa uru katika karata. Marekani nayo, kwa sheria ya ushuru ya mwaka 1890, ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe jina la nchi zilikotoka. Kisha mwaka 1955 mahakama mjini New York iliamua, katika shauri la kampuni ya Trifari, kwamba pambo la kuiga laweza kuhesabiwa kuwa kazi ya sanaa na kulindwa kwa haki ya mtungaji. Tangu hapo herufi C ndani ya duara ikawa ya kawaida migongoni mwa mapambo. Alama hiyo humsaidia mpimaji kujua miaka, lakini uamuzi ulioizaa ni mkubwa kuliko alama. Sheria ilikiri kwamba mtu aweza kuwa mtungaji wa kweli katika kioo na madini duni.

Chapa, hata hivyo, haimalizi maneno. Mabizimu mengi mazuri hayana jina. Miriam Haskell alianza biashara yake New York katika miaka ya 1920, na kazi zake za awali kwa kawaida hazikutiwa jina. Tena jina laweza kubandikwa juu ya kazi isiyostahili kulibeba. Mwenye kusoma chapa tu ni kama msomaji aliyetosheka na jalada la kitabu.

Chapa inaponyamaza, vitu vyenyewe husema. Baada ya kifo cha Prince Albert mwaka 1861, Malkia Victoria alivaa mavazi ya msiba mpaka alipokufa mwaka 1901, na mapambo meusi yakaenea. Yaliyosifiwa zaidi yalikuwa ya jeti ya Whitby, mti wa zama za kale uliogeuka kuwa mweusi na mgumu kama makaa, ukakubali kung'arishwa. Wasioimudu bei yake walivaa kioo cheusi, au mpira uliopikwa pamoja na salfa mpaka ukawa mgumu. Machoni vitu vitatu hivi ni ndugu. Mkononi ni wageni. Jeti ni nyepesi na haina ubaridi. Kioo ni kizito, na ubaridi wake ni kama wa jiwe la mtoni. Mpira ule hufifia kwa jua na miaka ukawa wa hudhurungi, na ukisuguliwa kwa nguvu hutoa harufu ya salfa. Vilevile bakelaiti, aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907, ikipashwa kwa maji ya moto hutoa harufu kali kama ya dawa. Wako waliozoea kupima kwa sindano ya moto. Desturi hiyo ni ya kuachwa, maana seluloidi hushika moto upesi, na kovu la sindano halifutiki. Hakimu hana ruhusa ya kumjeruhi shahidi.

Kazi huwa ngumu zaidi mashahidi wanapopingana. Katikati ya miaka ya 1950 kulitokea vito vya kioo vilivyopakwa utando mwembamba wa madini, vikatoa rangi nyingi kama upinde wa mvua. Bizimu laweza kuwa na umbo la miaka ya 1930 na kubeba vito hivyo. Ama umbo la zamani limerudiwa baadaye, ama vito vya kwanza vilianguka vikatiwa vingine. Vivyo hivyo kulabu mpya yaweza kulehemiwa juu ya bizimu kongwe. Hapo mpimaji hutafuta lehemu isiyolingana, gundi iliyofurika, au kito kimoja chenye mng'ao usiofanana na wa wenzake. Kanuni yake ni ile ya mwanachuoni mbele ya hati za kale: kitu hakiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kiungo kipya kabisa katika viungo vyake vya asili. Neno zito katika kanuni hiyo ni asili, na halithibitiki bila subira.

Uduni wa madini nao si kipimo cha kutegemewa siku zote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya Marekani ilizuia bati, shaba na madini mengine yaliyohitajiwa na jeshi. Watengenezaji wa mapambo ya kuiga waligeukia fedha halisi, wakaipaka dhahabu na kuipiga chapa ya fedha. Ikawa bizimu lililouzwa kwa jina la pambo la kuiga lina mwili wa madini ya thamani. Mtu anayelitupa kwa kuwa ni bandia ametupa fedha kwa sababu ya jina.

Ikiisha kujulikana asili, hufuata thamani. Mpimaji hutazama kama vito vimeshikwa kwa vikucha vya madini au vimegandishwa kwa gundi. Kama mgongo umesuguliwa ukalainika au umeachwa na makovu ya kalibu. Kama rangi ni nzima. Hutazama pia utando ung'aao uliowekwa nyuma ya vito. Maji yakiufikia huwa mweusi na kito hufa macho. Ndiyo sababu pambo la kioo halioshwi kwa kutumbukizwa. Kutu ya kijani, kito kilichopotea na lehemu ya risasi hupunguza bei. Uchache, jina na mapenzi ya wanunuzi huipandisha. Lakini bei ni habari ya soko la siku moja, na soko halina kumbukumbu.

Hapo ndipo hukumu ya haraka inapoumiza. Binti hurithi kisanduku cha mama yake, akachukua bizimu ambalo mama hakulikosa katika harusi wala mazishi, akalipeleka dukani. Muuzaji hulitazama uso tu na kusema, bandia. Binti hurudi na huzuni mbili: kwamba hana mali, na kwamba mama yake alidanganywa maisha yake yote. Huzuni ya kwanza yaweza kuwa ya haki. Ya pili mara nyingi ni dhuluma kwa marehemu, kwa maana yamkini mama alijua anachonunua, akakichagua kwa macho yake, akakilipia kwa jasho lake, na hakupata kumwambia mtu kuwa ni almasi.

Madeleine Albright, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani tangu mwaka 1997 hadi 2001, aliwapa watu somo katika jambo hili. Magazeti ya Iraki yalipomwita nyoka, alipokuwa balozi katika Umoja wa Mataifa, alivaa bizimu la nyoka katika mkutano na Wairaki. Katika mabizimu yake mengi ya dhahabu yalikaa pamoja na ya bei ndogo, na moja la thamani kubwa kwake lilikuwa moyo wa udongo uliofinyangwa na bintiye alipokuwa mtoto. Hakuna mnada ungaliupa udongo ule bei ya maana, wala hakuna aliyeudhania kuwa johari.

Kioo hakisemi uongo. Kikigeuzwa hukiri mara moja kuwa ni kioo, na huonyesha kulabu yake, chapa yake na lehemu yake. Uongo huanza katika kinywa cha mwenye kukiuza kwa jina lisilo lake, na dhuluma huanza katika kinywa cha mwenye kukihukumu bila kukigeuza. Mpimaji mwema hujilinda na vyote viwili. Husema alichokiona, huacha asichokiona, na inapolazimu hukiri kwamba umri haukujulikana. Kisha hulirudisha bizimu mkononi mwa mwenyewe likiwa zima kama alivyolipokea.