Kuzipa Kete Mwendo

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kuichezesha nembo ya duka la fenicha. Ilikuwa ofisi ya matangazo Dar es Salaam, enzi zile tovuti isiyo na kitu kinachorukaruka ilionekana haijaisha. Tulitumia programu ya Flash. Unaweka nembo mwanzo wa mstari wa muda, unaiweka tena mwisho, na hatua za katikati programu inajaza yenyewe. Bosi alitaka mwanga upite juu ya herufi, nikampitishia. Kutoka kwenye nembo nikaingia kwenye vijichezo vya kwenye kivinjari: mtu anabofya chupa ya soda, chupa inapasuka, anashinda kofia.

Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple alitoa barua ya wazi kueleza kwa nini Flash haitaingia kwenye iPhone. Pale ofisini tuliisoma tukaendelea na chai, maana mteja wetu gani alikuwa na iPhone? Mwaka uliofuata Adobe, wenye Flash yao, wakaachana na Flash ya simu, na tarehe 31 Desemba 2020 wakaizika kabisa. Kazi zangu nyingi za ujanani leo hazifunguki. Sizililii, yalikuwa matangazo ya soda.

Nikahamia kwenye kanvasi, kitu ambacho Apple walikileta mwaka 2004: kipande cha ukurasa kinachochorwa kwa JavaScript. Kanvasi haina mstari wa muda na haikumbuki chochote. Ukitaka kitu kisogee, unafuta, unakichora tena mbele kidogo, unafuta tena, mara 60 kwa sekunde. Maana yake una milisekunde 16 na ushee za kumaliza hesabu na uchoraji wote. Mtu aliyezoea kujaziwa hatua za katikati anajikuta anazihesabu mwenyewe, na mimi hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi.

Kisha wakaja vijana waliotaka bao la kiswahili lichezeke mtandaoni. Mashimo 32, kete 64. Sheria zilikuwa zimeshaandikwa kwenye programu, na ziliandikwa vizuri: namua, mtaji, nyumba, kutakata, vyote vilikuwemo. Mimi niliitiwa picha tu. Toleo walilokuwa nalo halikuwa na mwendo wowote. Ukigusa shimo, kompyuta inapiga hesabu na ubao unabadilika papo hapo. Tulimpelekea mzee mmoja wa barazani Magomeni. Akacheza, kompyuta ikajibu, akakodolea macho kioo.

“Mwanangu, kete zangu nani kachukua?”

“Zimeliwa, mzee. Kompyuta imekula.”

“Imekula saa ngapi? Mimi sikuona mkono.”

Wenzangu walicheka. Mimi nilitoka pale nikijua kazi niliyopewa ni ipi. Mtaji mmoja wa bao, yaani zamu ya kula, unaweza kula, ukarudi kichwani, ukasambaa, ukala tena, ukazunguka mpaka hata mchezaji mwenyewe apotewe na hesabu. Kwenye ubao wa mti, jicho linafuata vidole. Kwenye kioo hakuna vidole, kwa hiyo athari za picha zilipaswa kuifanya kazi ya vidole, na si zaidi ya hapo.

Nilichukua komwe halisi, zile mbegu za kijivu, nikazipiga picha zikiwa zimelala mikao sita tofauti, ili shimo lenye kete nyingi lisionekane limepigwa mhuri. Picha zote sita nikazipanga kwenye faili moja la PNG. Faili moja linaombwa mara moja tu, na kwa mtu wa bando dogo hilo si jambo la kudharau. Halafu amri ya kanvasi ya drawImage unaiambia ikate kipande gani na ikibandike wapi. Kivuli nilikichora mapema, picha yake peke yake, kwa sababu ukiiachia kanvasi itie ukungu wa kivuli yenyewe kila mara, simu ya bei nafuu inahema. Kete ikiinuka kutoka shimoni, kivuli kinasogea pembeni na kufifia, ikitua, vinakutana. Ni hilo tu, na jicho linaamini kwamba imerushwa. Zinatoka moja moja, polepole mwanzoni, na mtaji ukirefuka zinaongeza kasi, kama mchezaji mzoefu anavyofanya. Kabla ya kula, shimo la mpinzani linazungushiwa duara jekundu kwa kitambo, ndipo kete zake ziinuliwe. Mkono umeonekana.

Mwendo niliupima kwa muda, si kwa idadi ya fremu. Hili nalisisitiza kwa sababu michezo mingi inayoletwa kwangu kurekebishwa ina ugonjwa huohuo: imesogezwa pikseli kadhaa kwa kila fremu, basi kwenye simu mpya yenye kioo cha 120 Hz kila kitu kinakimbia mara mbili.

Mfadhili wa bao lile alitaka kila anayekula amwagiwe nyota za dhahabu. Tukaziweka. Kwenye simu walizonazo watu wengi, mtaji ukawa unakwama katikati, wachezaji wanagongagonga kioo wakidhani kimeganda. Nikaziondoa, nikaziacha mahali pamoja tu, mtu anaposhinda. Maelewano hayakuwa mazuri baada ya hapo, na malipo ya mwisho nilikuja kuyapata kwa mbinde.

Vijana wakiniletea mchezo siku hizi, nawaambia wazime athari zote kwanza, wacheze, waniandikie ni wapi walishindwa kujua kilichotokea. Pale ndipo pa kuweka mwendo. Pengine popote wanaweza kuweka pia, simkatazi mtu urembo, ila wawe na kitufe cha kuuzima. Wapo watu ambao kioo kikitikisika vichwa vinawauma, na simu nyingi zina mpangilio wa kupunguza mwendo ambao kivinjari kinaweza kuusoma. Kwa wateja, nalipisha bei ileile: kuweka kikorombwezo na kukiondoa.