Usiunganishe Hizo Waya, Tafadhali

Wengi wetu hapa Nairobi tunadhani Majuu hakuna kuhangaika na fundi. Unabonyeza, inawaka. Basi muulize binamu yangu aliye Minnesota. Januari, nje digrii 22 chini ya sifuri, nyumba ikakataa kupata joto. Na ndani kuna mtoto wa miezi 4.

Huko nyumba nyingi hupashwa joto na tanuri ya gesi, lidude kubwa kama friji linalokaa chini ya nyumba. Yake ilikuwa inanguruma kidogo, halafu kimya. Moto hauwaki. Taa ndogo ndani inapepesa, na karatasi iliyobandikwa kwa mlango wake inasema mipepeso hiyo ni swichi ya presha. Kampuni aliyoipigia ikamwambia angoje kesho kutwa. Jirani naye akampa dawa ya haraka: chomoa waya mbili za hiyo swichi, uziunganishe.

Hapo ndipo aliponipigia. "Mdogo wangu, wewe si ulisomea hivi vitu?"

Nilisomea miaka miwili nikaacha, na hilo familia yote inajua. Swichi ya presha nilifunzwa na fundi wa pampu za maji Rongai. Hii ya tanuri ni tofauti lakini, kwa hivyo nilimwambia atume picha za kitabu chake, nikasoma.

Iko hivi. Kabla gesi ifunguliwe, feni ndogo inaanza kuvuta hewa ili moshi utoke nje kwa bomba. Swichi ina ngozi ya mpira ndani na kipaipu kinachoiunganisha na hiyo feni. Uvutaji ukitosha, ngozi inavutwa, swichi inafunga, bodi inaruhusu moto. Usipotosha, hakuna moto. Yaani hiyo swichi ni askari wa geti. Anauliza swali moja tu: moshi una njia?

Ukiunganisha waya, tanuri inaweza kuwaka kweli. Hiyo ndiyo inaniogopesha. Kama bomba limezibwa na theluji, kaboni monoksidi inabaki ndani, haina harufu wala rangi. Sisi tunaijua vizuri, ndiyo ile ya jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa, watu wanalala hawaamki. Nikamwambia buda, hizo waya usiguse.

Mama na mtoto wakapelekwa kwa rafiki. Yeye akazima umeme, akafunga gesi, akatoka na koleo kuangalia bomba za ukutani. Safi. Kipaipu hakina ufa wala maji. Mtu angesema basi ni swichi, nunua mpya. Mimi nikakataa. Kama feni imechoka, swichi mpya nayo itakataa vilevile, na pesa imeenda.

Kumbe kanisani kwao kuna Mkenya mwenye leseni ya kazi hii. Alikuja asubuhi na kipimo chake. Swichi imeandikwa 0.60, huo ndio uvutaji inaohitaji ili ifunge. Kipimo kikasoma 0.95. Feni inavuta vizuri kabisa na swichi bado imeachia. Sasa hapo imekufa, hakuna ubishi.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache: skrubu mbili, waya mbili, kipaipu kimoja. Alichosisitiza jamaa ni namba. Ukiweka ya 0.30 kwa sababu ndiyo iko dukani, itafunga hata moshi ukikwama, na hapo umerudi kwa ile dawa ya jirani, ila sasa imevaa suti. Alipata ya 0.60, akaifunga, akapima tena, akangoja moto uwake mara tatu ndipo akaondoka.

Mama yake binamu alinipigia jioni kunishukuru, akaniombea kama dakika kumi hivi. Halafu akauliza nitarudi chuo lini.

Nikamwambia anti, sikusikii vizuri, mtandao unakatika.