Uliza Inachanua Lini, Kabla ya Kuuliza Inazaa Magunia Mangapi

Ndugu mkulima, nawe mwenye duka la pembejeo,

Kila msimu unapokaribia naulizwa swali moja: mbegu gani inazaa sana? Nami huuliza: mvua ya kwenu hukatika lini? Wapo wanaodhani nakwepa. Sikwepi. Mahindi yakikosa maji yakiwa urefu wa goti, mara nyingi hupona. Yakikosa maji yanapotoa mbelewele na nywele, nywele huchelewa, poleni hupotea bure na gunzi hubaki na mapengo. Nimepita mashamba ya namna hiyo: mabua mazuri, ghala tupu. Inauma.

Siku ya kuchanua haipangwi na jembe lako peke yake. Imo ndani ya mbegu, katika vinasaba, yaani urithi kutoka kwa mimea mama. H614 ilizalishwa Kitale kwa ajili ya nyanda za juu zenye baridi na mvua ndefu. Katumani ilizalishwa Machakos, kwenye ukavu, ikachaguliwa kwa sababu inawahi: huchanua kama miezi miwili tangu kupandwa. Mbolea haiwezi kuigeuza H614 iwe Katumani.

Mtama nao una mambo yake. Baadhi ya mitama ya asili, ile mirefu, hupima urefu wa mchana na usiku. Mwaka 1945 watafiti wa Marekani, Quinby na Karper, walieleza vinasaba vitatu vinavyoamua mtama uwahi au uchelewe. Chenye nguvu zaidi huuzuia kuchanua mchana ukiwa mrefu. Ndiyo maana mtama wa aina hiyo uliopandwa Desemba na uliopandwa Januari huweza kuchanua karibu pamoja, mchana unapopungua. Punje hukauka mvua ikiisha, na ndege hugawana mashamba ya kijiji kizima.

Macia haingoji hivyo. Hukomaa kwa takriban miezi minne, na mvua ikikatika mapema hiyo ndiyo itakayokuokoa. Lakini ukiiwahisha mno, punje hukomaa mvua ingalipo na kuota ukungu. Ukiipanda peke yako kijijini, ndege wote ni wageni wako.

Kwa hiyo sikuambii utupe mbegu ya bibi. Nakuambia ujue tarehe yake. Msimu huu andika siku uliyopanda na siku nusu ya shamba ilipochanua. Kisha hesabu kurudi nyuma kutoka siku mvua inapozoea kukatika: je, baada ya kuchanua inabaki mvua ya wiki tatu au nne za kujaza punje? Kama haibaki, tafuta inayowahi.

Nawe muuzaji, mteja akija, mwambie siku za kuchanua na eneo mbegu ilikokusudiwa. Kwenye baridi huchelewa, kwenye joto huwahi. Mteja aliyevuna ndiye atakayerudi dukani mwakani.