Waya wa kwenda chumba cha uani

Kuzimwa kwa mitambo ya analojia kulianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata. Televisheni za kichogo hazikufa siku hiyo, zilinyamaza tu. King'amuzi kiliweza kuzifufua, lakini nyumba nyingi zilinunua kimoja, kikakaa sebuleni. Kichogo cha pili kikawa meza ya kuwekea picha za harusi.

Katika nyumba moja ya Tanga, kilichonyamaza kilikuwa cha bibi. Alinunuliwa na marehemu mumewe, nacho kina tundu moja tu nyuma, la antena. Alipokuwa na nguvu alikuja sebuleni kila saa mbili usiku kutazama taarifa ya habari. Magoti yalipokataa, akabaki chumba cha uani. Mwanawe akataka kumnunulia televisheni bapa.

"Hii aliniachia baba yako," bibi akasema. "Nitengenezee hii."

Kijana akatafuta moduleta, kiboksi kidogo kinachopokea zile nyaya tatu za king'amuzi, njano, nyeupe na nyekundu, na kuzigeuza kuwa chaneli kama za zamani. Akachagua chaneli 36 ya UHF, akapitisha waya wa antena juu ya dari hadi uani. Njiani akaweka kigawio ili kichogo cha vijana nacho kipate. Kigawio cha njia mbili hupeleka nusu tu ya nguvu kila upande, kwa hiyo hakuna haja ya kununua cha njia nne kwa televisheni mbili.

Picha ikaja safi, bila chenga. Sauti ikawa mvumo mtupu. Hapo wengi hulaumu spika. Kumbe moduleta ilikuwa kwenye mfumo wa I, unaoweka sauti megahezi 6 kutoka kwenye picha, na kichogo kile ni cha B/G, kinaisubiri kwenye 5.5. Swichi moja ikamaliza kazi. Kifuniko cha nyuma hakukigusa, na alifanya vema: maelfu ya volti huweza kubaki ndani hata plagi ikiwa imechomolewa. Akakishusha pia kutoka kwenye kabati refu, maana uzito wa kichogo uko mbele, kwenye kioo, na mtoto akining'inia kinamwangukia.

King'amuzi ni kimoja, rimoti ni moja. Watoto wakihamia katuni sebuleni, bibi naye anahamishwa. Akawa anagonga ukuta kwa bakora, nyumba nzima inacheka. Mkewe hakucheka.

"Baba watoto, umempa mama picha, umemnyang'anya watu."

Mume alikasirika, siku mbili hawakusemezana vizuri. Lakini mama wa nyumba alikuwa ameona sawasawa. Kabla ya waya, wajukuu waliingia kumsimulia habari za siku. Baada ya waya, hakuna aliyepita mlango ule ila kupeleka chai. Bibi si ana televisheni yake?

Sasa saa mbili rimoti haiguswi, na watoto hutazamia habari uani, kwenye mkeka. Mkubwa humsomea bibi maandishi yanayopita chini ya kioo, kwa kuwa macho yake hayayafikii tena. Baba alikuwa akibaki sebuleni na televisheni bapa. Juzi alichukua kigoda, akawafuata.