Wa Kumi Aliyekwisha Kuja: Fikra Juu ya Kungoja Bagamoyo

Nilipokuwa mtoto Bagamoyo, bibi yangu alikuwa akinitisha kwa habari za Dajali na kunituliza kwa habari za Mahdi. Baadaye, katika tasnifu yangu ya shahada ya pili, niliandika bila kusita kwamba kumngoja mwokozi huwalaza watu. Insha hii inakusudia kuisahihisha kauli hiyo.

Kilichonibadili ni jamatkhana ya Mji Mkongwe, ambayo niliipita kila siku bila kuiuliza neno. Makhoja Waismailia waliohamia Bagamoyo katika karne ya 19, wengi wao wenye asili ya Kutch na Gujarat, walikuja na tenzi ziitwazo ginani. Mojawapo, Dasa Avatar, ambayo mapokeo huinasibisha na Pir Sadardin, inahusu maumbo kumi ambayo Vishnu hushukia duniani. Kwa hesabu ya Wahindu, zama ni nne. Zama zetu, Kaliyuga, ndizo za mwisho na ovu kupita zote. Zina miaka 432,000, na iliyopita ni kama 5,000 tu. Kalki, wa kumi, atashuka mwishoni. Mabudha nao humtazamia Maitreya, atakayefundisha upya baada ya mafundisho kusahauliwa. Lakini ginani hiyo inashikilia kwamba wa kumi ni Ali, naye amekwisha kuja. Utenzi huo ulijadiliwa hata mahakamani Bombay mwaka 1866, katika kesi iliyohusu asili ya imani ya Makhoja.

Tofauti hiyo si ndogo. Anayehesabu miaka laki nne aweza kustahimili. Anayeamini ahadi imetimia hana budi kujiuliza atafanya nini leo. Sewa Haji Paroo (1851-1897), Khoja wa Bagamoyo, alitoa jumba lake liwe shule ya watoto wa rangi zote. Sidai kwamba ginani ndiyo iliyomtuma.

Wala waliongoja hawakulala. Mwaka 1908 Waraka wa Makka, uliotangaza kukaribia kwa Kiyama, uliwarudisha watu wa pwani misikitini hata serikali ya Kijerumani ikaingiwa na hofu.

Yumkini, basi, swali la mtafiti si nani anangojwa, bali anayengoja hufanya nini. Bibi yangu alimngoja Mahdi hadi alipofariki. Mwaka wake wa mwisho alipanda minazi, akijua hatakula nazi zake.